Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: Na waliojikaza Burma je?

Mheshimiwa Waziri,

Kila mnapoadhimisha Vita vya Pili vya Dunia, runinga zenu huturudisha London ya 1940: wazima moto juu ya vifusi, familia zilizolala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, watu wakienda kazini asubuhi kana kwamba usiku haukuwa na mabomu. Mji ule ulipigwa usiku 57 mfululizo. Sifa ya kujikaza wanaistahili, sina ugomvi nayo. (Lile bango la kuwataka watu watulie na kuendelea, mnalolichapa kwenye vikombe, halikuonekana sana mitaani wakati wa vita. Umaarufu wake ni wa juzi tu, lakini hilo tuliache.)

Kinachonikera ni pale mnaposimulia kwamba mlisimama peke yenu. Mwaka 1941 askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, walikuwa wakipigana na Waitalia hadi Gondar, Ethiopia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye kichwa cha kifaru kuwa alama yake, ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo) katikati ya mvua za monsuni, ikipambana na Wajapani, matope na malaria kwa pamoja, hadi ikavuka mto Chindwin. Lugha ya jeshi lile ilikuwa Kiswahili.

Kamera ziliwaona, ndiyo. Tatizo ni zilichochagua kuona. Mkazi wa London akimeza uchungu wake, aliandikwa kuwa ameishinda hofu. Askari wetu akimeza wake, ikasemwa ndivyo alivyoumbwa: mtiifu, mchangamfu, wala hasumbuki. Ushujaa ukageuzwa maumbile, na maumbile hayapewi nishani. Nimetazama picha nyingi za siku zile. Ofisa Mzungu ana jina na cheo. Aliyesimama kando yake, bunduki begani, ni “askari” tu.

Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Huku nako kulikuwa na wake na wazazi waliojikaza, ila hakuna aliyewapelekea kamera.

Ombi langu si kubwa. Tarehe 15 Agosti, siku ya ushindi dhidi ya Japani, filamu za Burma zikitolewa tena kwenye hifadhi zenu, maelezo ya zamani yasirudiwe jinsi yalivyo. Na waliozama na meli ile watajwe. Majina yamechongwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi. Mtangazaji wenu akikwama kwenye matamshi, tupo, tutamsaidia.

Wako,
Mjukuu wa askari wa KAR