Bei ya sakafu sio bei ya maonyesho

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kuwashawishi wenye makampuni madogo wachukue banda kwenye maonyesho makubwa ya migodi, na kiukweli nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Mmeongelea taa, skrini, rangi za banda, namna ya kutabasamu, hadi viatu mmeongelea. Sawa. Ila kuhusu mzigo hamna hata mstari mmoja, na sisi mzigo ndo uliotunyoosha.

Sisi tunatengeneza laina (bitana ya ndani ya pampu) na impela (gurudumu linalozunguka na kusukuma) za pampu za tope, zile pampu zinazosukuma maji yaliyochanganyika na mawe yaliyosagwa kule kwenye mitambo ya kuchenjulia madini. Yani biashara yetu ni vitu vinavyolika na tope mpaka kuisha. Tulipoamua kwenda kuonyesha Marekani mara ya kwanza tukapigiwa simu na mtu wa mauzo wa maonyesho, akatutajia bei ya sakafu kwa mita ya mraba, tukapiga hesabu tukaona inawezekana, tukasaini wiki hiyohiyo. Hapo ndo tuliposhikwa. Maana bei ya sakafu ni ya sakafu kweli, zege tupu. Zulia unakodi, meza unakodi, umeme unaagiza kivyake na ukipitisha ile tarehe waliyoweka unalipa zaidi, kufagiwa banda nako kuna bei yake, na intaneti ndo usiseme. Wazoefu wa kazi hii wanasema sakafu huwa ni kama theluthi ya bajeti nzima. Mi nilikuwa nimeihesabu kama robo tatu, kwa hiyo pigeni wenyewe muone tulikwamia wapi.

Alafu kuna kitu kinaitwa drayeji. Mtu ambaye hajawahi kuonyesha Marekani hawezi kulijua hili neno na ndo maana nalieleza. Kwenye kumbi kubwa za kule lori lako halishushi mzigo mpaka bandani kwako. Mwandaaji anakuwa na mkandarasi wake mmoja, huyo ndo anapokea mzigo kwenye geti la mizigo, anauleta na foklifti mpaka bandani, makreti yakishakuwa matupu anayachukua kuyahifadhi, na siku ya mwisho anayarudisha. Kwa hayo yote unalipa kwa kila pauni 100 za uzito, na hesabu inapandishwa juu. Sanduku letu lilikuwa kilo 190, hiyo ni kama pauni 419, tukalipishwa 500. Malipo yanajumlisha kuingia na kutoka, kwa hiyo hata vitu vikiisha vyote ukarudi mikono mitupu bei ni ileile. Na mara nyingi kuna kiwango cha chini kwa kila mzigo unaopokelewa, sasa sisi kwa ushamba wetu tukawa tumetuma vifurushi vitatu siku tatu tofauti, cha vipeperushi, cha mabango, cha kalamu na kofia. Kila kimoja kikahesabiwa kama mzigo mzito peke yake. Zile kalamu zimetugharimu kuliko impela, sitanii.

Sisemi ni wizi. Nenda MINExpo pale Las Vegas, maonyesho makubwa ya mitambo ya migodini, ile inayofanyika kila baada ya miaka 4, utakuta kuna malori ya migodini yanayobeba tani 363 kwa mkupuo mmoja, tairi lake moja lina urefu wa karibu mita 4, watu wanapanga foleni kupiga nalo picha. Dude kama lile haliji zima, linaletwa vipande vipande na linaunganishwa humohumo ukumbini kwa winchi. Kila mtu akija na pikapu yake kushusha anapotaka si watu watakanyagwa. Hilo naelewa kabisa. Ninacholalamikia ni kwamba haya unayakuta kwenye kile kitabu cha waonyeshaji, kurasa na kurasa, na kile kitabu sisi tulitumiwa baada ya kulipa. Kabla hujalipa unaambiwa mita za mraba tu na jinsi wageni walivyokuwa wengi mwaka uliopita.

Na hapo bado sijafika kwenye sanduku lenyewe.

Fundi wetu alitutengenezea sanduku zuri la mbao, nene, skrubu za kutosha, hata vishikio ameweka. Kumbe mbao za kufungia mzigo unaovuka mipaka zina sheria yake ya kimataifa, inaitwa ISPM 15, inataka mbao zipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au zipigwe dawa, alafu zigongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano. Ni kwa ajili ya wadudu wa miti wasihamishwe kutoka nchi hadi nchi. Sanduku letu halikuwa na muhuri. Likazuiwa bandarini na sisi tayari tuko hotelini tunapanga nani atasimama zamu gani.

Asubuhi ya kwanza maonyesho yanafunguliwa banda letu lina zulia la kukodi, meza ya kukodi, na bango. Basi. Mwenzangu akakumbuka kwenye begi lake kuna laina ya mpira iliyokwishatumika, kutoka kwenye pampu ya mteja wetu mmoja, alikuwa ameibeba ili akamuonyeshe mtu anayetuuzia mpira wabishane kuhusu ubora. Chafu, ina mtaro mmoja uliochimbwa kwa kuzunguka mpaka mwisho wake kukatoboka tundu linaloingia vidole viwili, na pembeni imeandikwa kwa chaki masaa iliyofanya kazi. Tukaiweka mezani kwa sababu meza tupu ni aibu.

Ndugu mhariri, hiyo laina ndo iliyotufanyia maonyesho. Wale wakubwa waliovaa suti walipita tu wala hawakugeuza shingo. Ila mafundi, watu wa matengenezo, wale wenye mikono yenye makovu, walikuwa wanasimama wenyewe bila kuitwa. Jamaa anafika anaingiza vidole kwenye lile tundu kabla hata ya kusalimia, anauliza hii imeliwa upande wa kuingilia au wa kutokea, mnasaga hadi ukubwa gani, kwanini hamkuweka chuma. Na hapo mazungumzo yameshaanza, maana hilo la mpira na chuma ndo ugomvi wenyewe wa kazi hii, mpira unavumilia sana chembe ndogo ndogo kwa sababu zinadunda, ila vikija vipande vikubwa vyenye ncha vinauchana na hapo unahitaji chuma chenye kromu nyingi. Mtu mmoja alituchorea pampu yake nyuma ya kipeperushi cha jirani yetu (sisi vyetu vilikuwa bado vinaletwa na ile foklifti ya bei mbaya). Mwingine akaenda akarudi na bosi wake.

Mzigo wetu ukafika siku ya pili mchana. Tukapanga zile laina mpya zinang'aa, impela tumeipaka rangi. Watu wakawa wanazitazama kama wanavyotazama sahani za kabatini. Ile chafu ikabaki mbele.

Sasa na mimi kwa furaha nikafanya langu. Siku ya kufunga mteja mmoja akaomba laina mpya akaijaribishe mgodini kwake, nikampa, nikamshika na mkono. Nimesahau kwamba ile mizigo imeingia kwa ATA Carnet, ile hati ya forodha ya kuingiza vitu kwa muda bila kulipa ushuru, ambayo muda wake hauzidi mwaka mmoja na sharti lake ni kwamba kila kilichoorodheshwa lazima kitoke. Vitu vya kugawa haviwekwi humo. Tulipokuwa tunatoka forodha wakahesabu, moja haipo. Miezi kadhaa baadae ikaja barua ya kudaiwa ushuru na faini juu, na chama cha wafanyabiashara kilichotupa ile hati kikawa kinashikilia dhamana yetu mpaka tumalize. Hilo la kwangu, simlaumu mtu, ila makala yenu ingekuwa na sentensi moja tu kuhusu carnet ingemuokoa mwingine.

Kingine ni hili la kuandika "maonyesho ya migodi" kama vile yote ni kitu kimoja. Sio. PDAC ya Toronto inayofanyika kila mwezi wa tatu ni ya watu wa utafutaji madini na wenye kutafuta mitaji, wanajiolojia wanapanga mezani sampuli za miamba iliyochorongwa, Mining Indaba ya Cape Town nayo ni ya wawekezaji na mawaziri. Muuza laina za pampu ukisimama pale utaongea na watu wenye akili sana ambao hawajawahi kufungua pampu maishani. Sisi watu wetu wanakwenda kwenye maonyesho ya mitambo, kama hiyo ya Las Vegas au Electra Mining ya Johannesburg inayofanyika kila baada ya miaka 2. Na hii ya kila baada ya miaka 4 inatisha zaidi, ukikosea unangoja uzeeke kidogo ndo ujaribu tena. Ile iliyopangwa 2020 hata ikasogezwa hadi Septemba 2021 kwa ajili ya korona, watu walikuwa na mabanda yamelipiwa na hawajui wayafanye nini. Mi siku hizi namwambia yeyote anayeniuliza, nenda kwanza kama mgeni, vaa viatu vya kutembelea, hesabu ni mabanda mangapi yanauza kitu kama chako na nani anasimama pale.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Mkiandika tena kuhusu maonyesho, waulizeni waandaaji swali moja mnichapie jibu lao: banda la mita 9 za mraba, sanduku moja la kilo 200, umeme, meza, zulia, kuingiza na kutoa mzigo, jumla yake ni ngapi hadi mtu anaondoka? Wanazo hizo namba, wanazitumia kila mwaka. Kwanini ziwe siri mpaka mtu ameshasaini sielewi.

Kuna watakaosema huyu analia kwa sababu hakuuza. Tumeuza. Yule niliyempa laina alirudi baada ya miezi 14, kwanza aliijaribu mpaka ikaisha, alafu kitengo chao cha manunuzi kikatujazisha fomu za kusajiliwa kama wauzaji, alafu ndo oda. Migodini mambo yanakwenda hivo, anayetegemea kurudi na oda mfukoni siku ya tatu atarudi na maumivu ya mgongo tu.

Mwaka huu tunakwenda tena. Kumbe unachobeba mwenyewe kwa mkono kupita mlango wa kawaida, bila toroli, kwa kawaida hakihesabiwi drayeji, hilo nalo nimelikuta kwenye kitabu cha waonyeshaji, ukurasa wa mbali huko. Ile laina iliyotoboka ina kilo 7. Imeshapimwa, inaingia kwenye begi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Muuza laina, banda la kona karibu na vyoo