Propaganda imeingia simuni

Mhariri,

Al-Shabaab hawana haja ya kuvuka mpaka kuja Lamu kutafuta vijana. Video zao za Kiswahili zimo simuni. Mara nyingi anayezisambaza ni mtu mwema aliyekasirika: anairusha kwenye kundi la mtaa, "Oneni unyama huu!" Inamfikia kijana asiye na kazi, aliyedhalilishwa kwenye msako, na lile neno "mnaonewa" linamwingia. Mwaka 2019, baada ya mauaji ya misikitini Christchurch, New Zealand, Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video ya mauaji hayo kwa saa 24. Sisi wa kaunti iliyozika watu waliouawa kwenye shambulio la Mpeketoni mwaka 2014 twataka kampuni za mitandao kama Facebook ziajiri wakaguzi wanaokijua Kiswahili cha Pwani.

Msomaji,
Lamu