Mume wangu kaliita kuni, mtoto naye akacheka

Anti shikamoo. Nakuandikia saa tisa usiku, niko jikoni nimezima taa nisiamshe watu, usingizi umenikataa tangu juzi. Naomba usinione sina akili maana najua wapo watakaosema mama mzima wa watoto watatu anahangaika na gitaa, lakini mimi sianzi leo, nimepiga ridhimu kwaya ya vijana tangu 1999 mpaka naolewa 2006, na hapa Moro gitaa nani halijui, mji wa Mbaraka Mwinshehe huu, marehemu baba yangu redio ikigusa tu Moro Jazz tulikuwa tunanyamazishwa wote hata awepo mgeni.

Sasa kuna mzee alikuwa anapiga kwenye mahoteli, vidole vimekakamaa kaamua kuuza. Yamaha Pacifica, la umeme, laki tatu na nusu. Limechoka, sikatai. Pale mkono unapolalia rangi imeisha mpaka mbao inaonekana, imekuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Ukizungusha kitufe cha sauti linakwaruza, lakini hilo mara nyingi ni vumbi tu, linasafishwa, na shingo kupinda nako kuna chuma ndani kinakazwa. Ugonjwa wenyewe ni freti, vile vichuma vyembamba vilivyokatiza shingo unapobania nyuzi. Kuanzia ya kwanza mpaka ya tano zimechimbika chini ya nyuzi nyembamba, ukibana uzi unalia zzzz. Kama bado zina kimo fundi anazisawazisha kwa tupa, zikishakuwa fupi ni kung'oa na kuweka mpya, na ziko 22, na fundi wa kazi hiyo humpati kila kona. Haya yote nayajua Anti, sijakurupuka.

Hatukuliunga hata kwenye spika. Nililaza sikio kwenye mbao nikapiga C, F, G taratibu. Kwenye F kidole cha pete kilikuwa kinachelewa, mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu kikafika. Mzee akasema "wewe umeshapiga wewe". Miaka mingapi sijaambiwa hivyo.

Hela ni yangu. Tunacheza mchezo watu 12, elfu 50 kila mwezi, zamu yangu imefika nimepokea laki sita. Ni kweli nilisema nitanunua ovaloki maana nashona, wateja wanalalamika mishono ya ndani inafumuka. Kwa hiyo juzi wakati tunakula nikaona nimshirikishe mwenzangu kwa heshima kabisa, wifi yangu alikuwepo. Akasema "laki tatu na nusu ya kuni? si ungeenda kwa muuza mkaa". Wifi akacheka. Sawa, wifi ni wifi. Ila mwanangu wa kwanza, ana miaka 16, huyo ndiye nilikuwa nimepanga nimfundishe, naye akacheka.

Mume wangu si mtu mbaya, naomba uelewe. Ananihudumia. Lakini mwaka jana kanunua sabufa laki nne na hakuna aliyeiita kuni, mimi mwenyewe ndiyo naifuta vumbi. Tangu niolewe sijawahi kuomba kitu ambacho si cha watoto au cha jikoni, kimoja tu hiki, na nimeomba kwa hela yangu. Halafu mtoto anacheka.

Basi nimeamua silinunui. Ovaloki inaingiza hela, gitaa haliingizi, yameisha.

Ila kuna kitu sijakwambia. Jumatatu nilimwachia mzee elfu 50 alishikilie. Kabla ya kuongea na mume wangu. Sikuwa na nia ya kuficha, nilijua atakubali, nilijua kabisa. Na jana nakanda unga wa chapati ncha za vidole vya kushoto zikawa zinauma pale nyuzi zilipokata, nikasimama palepale na unga mikononi, nikaona raha mpaka nikaogopa.

Sasa Anti nifanyeje, nimweleze kuhusu hiyo elfu 50 au niende nikaichukue kimya kimya? Mzee anasema kuna kijana wa Dodoma anakuja Jumamosi, nikibadili mawazo hela yangu ananirudishia yote, na leo ni Alhamisi. Na mtoto nimuulize kwa nini alicheka? Jana asubuhi kanisalimia vizuri tu, kabeba begi kaenda shule, wala hana habari kama aliniumiza. Usiniambie ninunue, sitaki kuambiwa ninunue. Ila kama una mtu anayejua magitaa hebu nisaidie kumuuliza, freti zikichimbika hivyo, mtu akiwa anapiga jioni tu saa moja hivi baada ya kazi, zinaweza kuvumilia mwaka?

Mama watatu, Morogoro