Baba, huku nako kuna mbuga

Denver, Colorado

Shikamoo Baba, shikamoo Mama.

Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule. Baba, uliniuliza kwenye simu kama huku kuna mbuga au ni magorofa matupu. Basi tumetoka kuiona. Tulipitia Laramie na Rawlins, nyika tupu za jimbo la Wyoming ambako upepo unayumbisha hata malori, mpaka tukafika Yellowstone. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, ilianzishwa 1872.

Wewe uliyekatiza Serengeti miaka yote na lori la Mugumu hadi Arusha ungeshangaa. Huku kila mtu anaingia na kigari chake cha mjini, lami mpaka ndani, na watu wanashuka kutembea. Nyati wa huku, anaitwa baisani, alitukuta tumesimama kwenye foleni. Manyoya ya baridi yalikuwa yanamtoka mabonge mabonge kama godoro la sufi lililochanika, akapita ubavuni mwa gari akihema, jicho lake usawa wa kioo changu. Sheria inataka ukae mita 23 kutoka kwake, na 91 kwa dubu. Mzee mmoja akashuka na simu kumfuata ampige picha! Mama Neema alifumba macho. Mtu wa Mugumu anayemjua mbogo hawezi kufanya upuuzi ule.

Ardhi yenyewe ndiyo iliyonitisha zaidi. Chini kuna volkano, maji yanatokota juu ya uso wa nchi, na harufu ni ya yai viza. Unatembea juu ya njia za mbao tu, kwa sababu udongo wa pembeni ni ganda jembamba, ukilikanyaga unazama kwenye maji ya moto. Kuna chemchemi inaitwa Old Faithful, kila baada ya saa moja na nusu hivi inarusha maji juu zaidi ya mita 30. Watu wanakaa kwenye mabenchi kuisubiri, na askari wa hifadhi wanatangaza muda inapotarajiwa.

Kabla ya hifadhi waliishi humo Washoshone, kabila la wenyeji wa asili wa huku, waliokuwa wakiwinda kondoo wa milimani. Waliondolewa miaka ile ile ya 1870. Babu angeelewa bila kuelezwa, maana hadi anakufa alikuwa akitaja mabonde waliyowinda kabla mpaka wa Serengeti haujawekwa.

Kusini ya Yellowstone kuna mji wa watalii, Jackson. Mama, kwenye bustani ya katikati kila kona ina lango la pembe za elki, aina ya kulungu mkubwa, maelfu zimerundikwa! Hawakuwaua, mnyama huyo huangusha pembe kila mwaka zikaota nyingine, na vijana wa skauti huziokota na kuzipiga mnada. Mji ni mzuri lakini ni wa matajiri. Wafanyakazi wengi wa hotelini wanalala ng'ambo ya mlima, jimbo la Idaho, nasi tukalala huko huko, pilau letu likiwa limefungiwa garini kwa kuogopa dubu.

Picha nimemtumia Mwita, awaonyeshe. Hela ya mbegu ilitoka Ijumaa, mwambieni aulize kwa wakala. Na Baba, dawa ya presha usiruke siku hata ukijisikia mzima.

Mwanenu,
Chacha