Anayepewa namba ya simu anapewa na jina kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wazima wengi wanaofahamiana na watu wapya mitandaoni na wasiopenda habari hizo zifike mtaani kabla ya wakati wake. Simtetei anayemdanganya mwenzi wake. Namfikiria mjane anayelea watoto, mtalaka aliyechoka kusemwa, au mwalimu wa mji mdogo ambaye hawezi kwenda hata sokoni bila kukutana na wazazi wa wanafunzi wake. Watu hawa wana haki ya kumchunguza mtu polepole, na Katiba yetu, katika Ibara ya 16, inatambua hifadhi ya maisha binafsi ya kila mtu.

Tatizo linaanzia kwenye namba ya simu. Wengi huitoa siku ya kwanza, wakiamini kwamba maadamu wamejitambulisha kwa jina la utani, mengine yote yamesitirika. Lakini hapa Tanzania yeyote mwenye namba yako akianza kukutumia pesa, hata kiasi kidogo, huonyeshwa jina lako lililosajiliwa kabla hajaukamilisha muamala. Akishalisoma anaweza kuusitisha muamala, asipoteze kitu, na wewe usijue kwamba umechunguzwa. Kwa jina hilo atakutafuta Facebook, atawaona ndugu zako, atajua unafanya kazi wapi. Najua utaratibu huu uliwekwa kwa nia njema, ili mtumaji asipeleke fedha kwa mtu asiyemkusudia, wala sisemi uondolewe.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua laini ya pili. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, kila laini imefungamanishwa na Kitambulisho cha Taifa, kwa hiyo laini ya pili itataja jina lilelile la kwanza, na kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni kosa. Lililo salama zaidi ni kuendelea kuzungumza ndani ya programu mliyokutania mpaka umfahamu mwenzako vya kutosha, au kutumia programu inayoruhusu kuficha namba, kama Telegram, baada ya kuhakikisha katika mipangilio yake kwamba namba haionekani kwa mtu yeyote. Picha utakayomtumia isiwe ileile iliyo kwenye akaunti zako nyingine, wala isionyeshe sare ya kazi, namba ya gari au geti la nyumbani. Namba ya NIDA, yaani ya Kitambulisho cha Taifa, usimpe kwa sababu yoyote, hata akisema anataka kukukatia tiketi: tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa.

Hata hivyo, ninalolihofia zaidi ni usiri uliopitiliza. Mtu anayeogopa kusemwa humficha kila mtu, akaondoka nyumbani bila dada wala rafiki kujua anakwenda wapi na kwa nani, na mwenye nia mbaya hutafuta mtu wa namna hiyo hasa. Januari 2024 wenzetu wa Kenya waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, baada ya baadhi yao kuuawa katika vyumba vya kupangishwa kwa siku chache. Mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali penye watu, uende na kurudi kwa usafiri wako mwenyewe, na awepo angalau mtu mmoja unayemwamini mwenye jina, picha na namba ya huyo unayekwenda kumwona. Kuufunga mdomo mbele ya mtaa ni busara. Kumficha hata huyo mmoja ni kujiweka hatarini.

Ikitokea mtu anatishia kusambaza picha au mazungumzo yenu, usimlipe, kwani akilipwa mara moja atarudi. Usifute ujumbe wake hata kama unakuumiza kuusoma, bali uupeleke polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Nawasihi na maofisa wanaopokea malalamiko hayo wasianze kwa kumuuliza mlalamikaji alikuwa anatafuta nini huko.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Naiomba Tume hiyo ikae na kampuni za simu ili anayetuma pesa aonyeshwe jina la kwanza na herufi za mwanzo za majina mengine, jambo linalomtosha kuhakikisha kwamba hajakosea. Itazame pia daftari la wageni katika nyumba za kulala wageni, ambalo mara nyingi huachwa wazi mapokezi likiwa na jina, kabila, namba ya simu, unakotoka na unakokwenda, na kila anayefika baada yako anayasoma yote huku akijaza mstari wake. Kila mgeni ajaze fomu yake mwenyewe, na mhudumu aifungie.

Msomaji wako,
Morogoro