Kitako cha bunduki yangu ya upepo: ni cha asili kilichopigwa msasa, au ni cha kubandikwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili wasomaji wenye uzoefu wa vitu vya kale wanisaidie katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa majuma matatu. Mimi ni seremala mstaafu, mzaliwa wa Tanga, na nimeishi Birmingham kwa miaka mingi. Tangu niache kazi nimekuwa nikikusanya bunduki za upepo za zamani, hasa zile zilizotengenezwa na kampuni ya BSA (Birmingham Small Arms) katika kiwanda chake cha Small Heath, mtaa ambao si mbali na ninapokaa. (Wasomaji wa nyumbani wasishtuke: hapa England mtu mzima anaruhusiwa kuwa na bunduki ya aina hii bila leseni, mradi nguvu yake haizidi kiwango kilichowekwa na sheria. Scotland kibali kinatakiwa.)

Mwezi uliopita nilinunua bunduki ya aina ya Improved Model D, ile inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu, iliyoundwa kwa hataza ya mwaka 1904 ya Lincoln Jeffries, fundi bunduki wa Birmingham, na kuuzwa na BSA kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Muuzaji aliniapia kwamba kila kitu ni cha asili, pamoja na mbao. Kwa upande wa chuma sina wasiwasi, kwani maandishi yamekaa mahali pake na wenzo unafunga bila kulegea. Tatizo ni kitako.

Bunduki za aina hii nilizowahi kushika zina kitako cha mjozi (walnut kwa Kiingereza) chenye nakshi ya miraba midogo kwenye shingo, pale mkono unaposhika, na katikati ya nakshi hiyo imegandamizwa nembo ya kampuni, yaani bunduki tatu zilizosimikwa pamoja kama mafiga. Yangu haina nakshi wala nembo. Shingo ni laini kama mpini wa jembe la zamani, na imepakwa vanishi inayong'aa ambayo hakuna fundi wa miaka ile angeitumia. Tena, mbao imeshuka chini ya ukingo wa chuma, ilhali kwenye kazi ya kiwandani mbao huachwa imeinuka kidogo kuliko chuma. Upande mmoja kuna mwanya uliozibwa kwa unga wa mbao na gundi, na skrubu moja ina kichwa cha nyota, kitu ambacho hakikuwapo duniani bunduki hii ilipotengenezwa. Skrubu hainisumbui sana, maana hupotea na kubadilishwa, lakini hayo mengine yananisumbua.

Nilikuwa karibu kukata shauri kwamba kitako kimetengenezwa upya na fundi wa mtaani, ndipo nikakivua. Ndani, kwenye pango lililochongwa ili kupokea chuma, mbao ni nyeusi kwa mafuta yaliyopenya miaka mingi, na kingo zake zina alama za patasi, wala si mikwaruzo ya mashine ya kisasa. Mbao yenyewe, nilipokwangua kidogo mahali pasipoonekana, ni mjozi kweli: vinyweleo virefu vya rangi ya kahawia iliyokolea, wala si vile vidoa vifupi vya bichi, mti ambao mafundi wengi wa huku huupaka rangi ili ufanane na mjozi. Nililinganisha pia na bunduki ya rafiki yangu mmoja, naye pia ni mkusanyaji. Shingo ya kitako changu ni nyembamba kuliko ya kwake kwa karibu milimita mbili, kana kwamba imepunguzwa kwa msasa.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Kila seremala anajua kwamba mhuri unapogandamizwa kwenye mbao, nyuzi zilizo chini yake husongamana, na hata ukiusawazisha uso kwa msasa hadi alama ipotee, nyuzi zile bado zimebanwa. Zikipata unyevu, huvimba na kuinuka. Basi nilifuta vanishi kwenye sehemu ndogo ya shingo, nikalaza kitambaa chenye maji ya moto kwa dakika chache, nikaacha pakauke usiku kucha. Asubuhi, nilipomulika tochi kutoka ubavuni, niliona kiinuko kidogo cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, chenye mistari miwili inayopishana. Kwa kidole kinahisika, japo kwa shida. Rafiki yangu anasema hiyo ni alama tu ya mahali palipowahi kugongwa, na kwamba macho ya mtu aliyekwisha kutoa pesa yake huona anachotaka kuona. Huenda ana haki. Upande wa pili wa shingo sikuona kitu.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, je, kuna aliyewahi kuifufua nembo ya namna hii kwa mvuke, na je, niendelee, au nitaharibu hata ushahidi mdogo uliobaki? Nikiendelea, huenda nembo ikajitokeza wazi. Nikikosea, nyuzi zitachanika na sitakuwa na la kumwonyesha mtu. Pili, ikithibitika kwamba kitako ni cha asili lakini kimelika kwa msasa, je, wakusanyaji bado wanakihesabu kuwa cha asili? Na je, ni halali nichonge upya ile miraba, kazi ambayo mikono yangu inaiweza, au kufanya hivyo ni kuongeza uongo juu ya uharibifu? Rafiki yangu huyo yuko tayari kuinunua bunduki kwa bei nzuri iwapo mbao ni ya asili, na sitaki kumpokea hata senti kabla sijajua nitamwandikia nini kwenye stakabadhi.

Muuzaji nimempigia simu mara mbili, naye anashikilia kwamba aliinunua hivyo hivyo. Kwa sasa kitako kimelala juu ya meza yangu ya kazi, kimefunikwa kwa kitambaa kikavu, nami sijakigusa tena.

Wako,
Seremala mstaafu, Birmingham