Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: mja mzito asipimwe kwa macho

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kayole. Mimi ni mama wa watoto wawili na mgonjwa wa thairoidi, tezi ya shingoni inayotoa homoni. Naomba jambo moja: katika vituo vya afya vilivyo chini yako, mja mzito asipimwe kwa macho.

Nikiwa na mimba ya pili nilifika kliniki nimechoka kupindukia, nywele zinakatika, nasikia baridi jua likiwaka. Nikaambiwa ni mimba tu. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, wala hakuna aliyeuliza kama natumia dawa nyingine. Natumia levothairoksini, yaani homoni ya tezi kwa vidonge, na madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu huizuia isiingie mwilini sawasawa, ndiyo maana hupaswa kuachanishwa kwa saa nne hivi. Tena mwenye tezi iliyolegea, isiyotoa homoni ya kutosha, kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi akishika mimba, kwa kuwa miezi ya kwanza mtoto hutegemea homoni ya mamake hata kwa ukuaji wa ubongo. Yote hayo nilikuja kuyasikia kwa daktari mwingine, mimba ikiwa imeshakua.

Presha nayo hujificha vivyo hivyo. Miguu ikivimba, kichwa kikiuma, mama mkwe atasema ni kawaida, na mara nyingi ni kawaida kweli. Lakini 140/90 baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo, ni priklampsia, presha ya mimba inayoweza kuleta degedege, yaani kifafa cha mimba. Ikifika 160/110 ni dharura. Wapo wasiosikia lolote mpaka degedege iwakamate. Na tezi isiyodhibitiwa huongeza hatari ya presha hiyo hiyo.

Mheshimiwa, hatuombi mitambo ya mamilioni. Tunataka mashine ya presha inayofanya kazi, yenye mkanda unaoenea mkono wa mama mnene, maana mkanda mdogo hudanganya. Karatasi za kupima mkojo zisikatike. Mwenye rovu au historia ya tezi atolewe damu ya kipimo cha TSH, kinachoonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa, palepale, kituo ndicho kiipeleke maabara, asipewe kikaratasi aende kujitafutia. Kila chumba cha kujifungulia kiwe na magneziamu salfeti na muuguzi anayejua kudunga dozi ya kwanza kabla ya rufaa. Utafiti wa kimataifa uitwao Magpie, wa 2002, ulionyesha dawa hiyo hupunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu.

Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za presha mwaka 2023. Hao wanajua milango yetu. Wapewe betri, na namba ya kupiga usiku wakikuta mama amepanda presha.

Ibara ya 43 ya Katiba inatupa haki ya afya, ikiwemo ya uzazi. Tunaomba kila kliniki ibandike mlangoni, kila mwezi, karatasi za mkojo zilizopokelewa na zilizobaki, nasi akina mama tusome wenyewe.

Wako,
Mama wa watoto wawili, Kayole